Digrii Ishirini na Moja

Kiyoyozi cha gari ya Marhoon, nakibu wa polisi, kilikufa mwanzo wa Juni, na fundi wa Matrah aliyeahidi kukitengeneza alikuwa bado anasubiri kipuri kutoka Dubai. Kwa hiyo Alkhamisi ile asubuhi mpelelezi huyo alifika maabara ya polisi ya Muscat, kule Al Khuwair, shati limemganda mgongoni, hoi kabla kazi haijaanza. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane, goti moja bovu, na siku hizi kila mlango aliousukuma aliusukuma kwa uvivu, kama anayejua kuwa ndani hakuna jipya.

"Kaa kwanza, ami," alisema Balqis. "Nna habari hutoipenda."

Balqis alikuwa mtaalamu wa silaha wa maabara, mwanamke mdogo wa umbo na wa maneno, ambaye wakubwa zake walimwogopa kidogo. Mbele yake mezani palikuwa na bunduki ya shabaha, boksi la risasi, na mashine nyeusi ukubwa wa redio ndogo.

"Namba za Aziz ni za kweli?" aliuliza Marhoon.

"Za kweli."

Marhoon akakaa.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, mzee mmoja mstaafu wa wizara, Majid bin Hamed, alipigwa risasi ya kifua uani kwake, kwenye shamba la mitende nje ya mji, chini ya majabali. Risasi ilimpita ikagonga ukuta wa mawe ikavunjika vipande, na vipande vile havikutosha kulinganishwa na bunduki yoyote. Waliobaki wa kutazamwa walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Anjelina, mtumishi wa nyumba kutoka Tanzania, aliyekuwa peke yake na marehemu, na ambaye tangu siku ile yuko mahabusu. Wa pili alikuwa Aziz, mtoto wa ndugu wa marehemu na mrithi wake, mpiga shabaha hodari anayejijazia risasi mwenyewe kwa kibali. Aziz alisema mchana ule alikuwa kiwanja cha klabu yao ya shabaha, bonde la pili kutoka shambani, anapima kasi ya risasi zake. Alasiri ileile aliwatumia wenzake matokeo kwenye kundi lao la simu, na wenzake wakamjibu kwa vidole gumba.

Jumapili ya mbele faili la Anjelina lilikuwa liende kwa mwendesha mashitaka, ambaye hakuficha anavyoliona: mtumishi alimtoa bwana wake nje ili auawe. Nani aliyepiga, hilo lingetafutwa baadaye. Kosa lenyewe lilikuwa la kunyongwa.

"Hebu nieleze tena," alisema Marhoon. "Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

"Mtu anayejijazia risasi anaanza na hesabu," alisema Balqis. "Anaiambia programu ganda ni la namna gani, kichwa kina uzito gani, baruti gani na kiasi gani, mtutu una urefu gani. Programu inamjibu: risasi yako itatoka kwa mita mia saba tisini na mbili kwa sekunde. Hiyo ndiyo hesabu. Halafu anakwenda kiwanjani, anaweka mashine hii ubavuni mwa mtutu, anapiga, na mashine inamwambia ukweli."

"Na viwili hivyo havikubaliani."

"Mara nyingi havikubaliani. Vya Aziz vimekaribiana sana, wastani wake mia saba tisini. Nikasema ehe, huyu kakaa nyumbani kazitunga. Lakini anayetunga namba huzipanga vizuri mno, moja juu, moja chini. Hizi zimekaa ovyo, kama za kweli zinavyokaa. Basi jana nikachukua bunduki yake, na mashine yake, na risasi za boksi lilelile alilotupa kwa hiari yake, nikapiga kwenye handaki letu huku chini. Wastani, mia saba tisini na moja."

"Kwa hiyo alikuwepo kiwanjani."

"Mimi nnasema namba hizi zimetoka kwenye bunduki hii na risasi hizi. Nani alikuwepo wapi, hiyo kazi yako."

Marhoon alipangusa uso kwa kitambaa. Kwa siku zote hizi alikuwa ameweka tamaa yake yote kwenye namba zile, kwamba zitakuwa uongo. Sasa alihisi kama mtu aliyeshuka kituo kibaya na mzigo mkononi.

*

Chumba cha mahojiano cha mahabusu ya wanawake kilikuwa cha baridi kali. Anjelina aliingizwa amejifunika blanketi mabegani, akasimama mpaka alipoambiwa akae.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Chakula wanakupa?"

"Wananipa. Ila baridi, afande. Hiyo AC haizimwi mchana wala usiku."

"Nitawaambia." Alikuwa ameshawaambia. "Nisimulie tena ya siku ile."

"Nimeshasimulia mara nyingi."

"Nisimulie mimi, kwa mara ya mwisho."

Anjelina aliangalia meza. "Nilikuwa naosha vyombo, maji yakakatika. Nikasikiliza, pampu haingurumi. Baba alikuwa amelala chumbani. Nikamgongea, nikamwambia pampu imezima. Akavaa kanzu yake, akatoka. Nikasikia mlio mmoja. Nilidhani ni tairi la gari."

"Kwa nini hukumwacha alale?"

"Alishaniambia, pampu ikizima nimwamshe hata akiwa kwenye usingizi gani. Mitende ndiyo ilikuwa watoto wake."

Fundi aliikuta pampu nzima kabisa. Swichi yake, iliyokuwa kwenye kisanduku nje ya ukuta upande wa bonde, ilikuwa imeshushwa. Mtu yeyote angeweza kuishusha, na mwendesha mashitaka alishachagua ni nani.

"Majirani walikusikia ukigombana naye Jumatano."

"Mama yangu alikuwa amefariki. Niliomba ruhusa nikazike, akakataa. Nikalia, nikapiga kelele, ndiyo. Ijumaa asubuhi akaniita akaniambia nijitayarishe, nitakwenda. Alikuwa anaona haya hata kunitazama." Akavuta blanketi. "Hayo hakuna aliyeyasikia isipokuwa mimi na yeye."

Marhoon alimwamini, na imani yake haikuwa na thamani yoyote ofisini. Alifunga kalamu.

"Afande," alisema Anjelina, "mimi ndiye niliyemwamsha."

Alilisema hilo kila mara walipoonana. Wenzake Marhoon waliliandika kama nusu ya kukiri.

*

Aziz aliishi mtaa wa Qurum, nyumba nyeupe yenye milango ya vioo, na ndani yake mtu alihitaji koti. Alikuwa mhandisi, umri wa miaka arubaini na kidogo, kanzu imenyooka kama karatasi, mwingi wa adabu. Alimmiminia mgeni kahawa kwa mkono wake mwenyewe.

"Baba yako na baba yangu walikuwa mlango kwa mlango Malindi, Unguja," alisema. "Leo unakuja kwangu kwa kazi. Dunia hii, ami Marhoon."

"Nnakuja kukushukuru. Maabara wamezipima risasi zako. Namba zako zimetoka sawasawa na ulivyosema."

Aziz aliinamisha kichwa, kwa huzuni inayostahiki. "Alhamdulillahi. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya ami yangu, ili mshughulike na anayehusika. Yule msichana simsemi vibaya. Lakini mtu aliyekatazwa kwenda kuzika mama yake, moyo wake unajua mwenyewe."

"Na shamba? Nasikia mzee alitaka kuliweka wakfu wa msikiti."

"Alisema hivyo mwaka mzima. Wazee wanasema mengi."

"Na wewe ulishawaahidi watu wa kujenga nyumba za mapumziko."

"Niliwaahidi kuzungumza naye. Kuzungumza si kosa." Aziz alimwongeza kahawa. "Yakhe, mimi mchana ule nilikuwa nnaungua juani. Laiti ningekuwa shambani, labda angekuwa hai."

Marhoon alikuwa amechoka kiasi cha kutaka kuinuka tu. Aliuliza swali lililofuata kwa sababu baridi ya chumba ilimtuliza goti, na nje ilimngoja gari ile.

"Juni hii, mchana vile, ulistahamili vipi? Mimi kutoka hapa mpaka langoni kwako ni adhabu."

"Usiseme. Arubaini na tano, ami, na paa la bati. Bunduki haishikiki. Risasi nimezipanga mezani, kila nikitaka kupakia nnaunguza vidole, nazishika kwa ncha ya kilemba." Alionesha vidole vyake, kana kwamba alama bado zipo.

"Masikini. Hukuchukua japo kisanduku cha barafu?"

"Cha nini? Nimekwenda kupima risasi, sikwenda mandari. Hata maji ya kunywa yalikuwa kama chai."

"Unakwenda mara nyingi?"

"Tunakwenda msimu wa baridi, mashindano. Lakini mtu akiwa na risasi mpya hana subira."

Marhoon aliandika yale maneno polepole, kama anavyoandika mtu mwenye usingizi, akamwomba atie saini kama kawaida, kisha akaaga. Aziz alimsindikiza mpaka mlangoni na hakutoka nje.

Gari ilikuwa imekaa juani muda wote ule. Marhoon alipovuta mkanda, chuma chake kilimuunguza vidole akakiachia kwa tusi dogo. Akabaki amekitia kidole chake mdomoni kama mtoto, anakitazama kile chuma. Kisha akampigia simu Balqis.

"Handaki lenu lina baridi kiasi gani?"

"Digrii ishirini na moja. Mwaka mzima. Kwa nini?"

"Na risasi ulizipiga zikiwa na joto gani?"

"Zililala kabatini kwangu, ami, ofisini, joto lilelile la..." Sauti ilikatika. "Subiri," alisema Balqis. "Subiri, subiri."

"Baruti ikipata moto inakuwaje?"

"Inaungua upesi zaidi. Risasi inatoka kwa kasi kubwa zaidi. Kila mtu anajua hilo, mimi nnalifundisha." Akashusha pumzi. "Na ile programu yake, ina mahala pa kuandika joto la baruti. Usipoandika kitu, inajiwekea yenyewe ishirini na moja. Mimi hesabu nimeifanya hivyohivyo, sikuandika kitu."

"Basi kesho, baada ya sala, tukutane kiwanjani," alisema Marhoon. "Uje na risasi zilizobaki. Na usije na barafu."

*

Kiwanja cha klabu kilikuwa bonde jeupe kati ya majabali mawili, na saa ile ya Ijumaa hapakuwa na kiumbe hai nje isipokuwa wao. Balqis alizipanga risasi juu ya meza ya chuma chini ya paa la bati, akaweka mashine ubavuni mwa mtutu, na wakazingoja zipate joto la mahali. Marhoon alimwachia kivuli, akaenda kwenye kibanda cha mlinzi.

Mlinzi aliitwa Pius, mtu wa Singida, mkubwa wa mwili, aliyekwisha kuhojiwa na askari wawili na kuwachosha wote. Kiyoyozi cha kibanda chake kilinguruma mpaka dirisha likatetemeka.

"Gari ya Bwana Aziz ilikuwa pale chini ya kivuli, afande," alisema kwa sauti ya juu. "Alikuja watu wametoka msikitini, akaondoka jua limelala. Nilishasema."

"Milio ulisikia?"

"Na hii AC? Inaunguruma kama mashine ya kusaga. Mimi hujua wamepiga nikiokota maganda."

"Yeye uliyaokota maganda yake?"

"Wanaojijazia wanaondoka nayo, wanayatumia tena."

"Hukutoka nje hata mara moja?"

"Niende wapi na jua hilo? Nilitoka jioni jioni, kuwapa paka vichwa vya samaki. Nikawaita, hawakuja. Wamejazana wote kule nyuma, chini ya pikapu ya klabu, wanalamba maji."

Marhoon alikuwa ameshageuka kuondoka. "Maji gani?"

"Yale yanayodondoka chini ya gari."

"Yanayotoka kwenye kiyoyozi."

"Hayohayo."

"Pikapu ilikuwa imetoka siku ile?"

"Hapana, tangu Jumanne ya wiki ile tulipobebea mbao za shabaha ilikuwa haijatoka. Ufunguo uko stoo, umetundikwa tu, wanachama wanajua." Pius alisita, kifuniko cha chupa mkononi. "Sasa lile dimbwi lilitoka wapi?"

Marhoon alitoka, akazunguka nyuma ya kibanda. Pikapu nyeupe ilikuwa imeegeshwa nyuma ya tuta la shabaha, mahali ambapo dirisha la Pius halifiki. Mbele yake palianza njia ya changarawe, ikaingia tumbo la bonde na kupotea nyuma ya jabali. Kwa barabara ya lami, kutoka hapa kwenda shamba la marehemu ilikuwa safari ya kuzunguka mlima mzima. Kwa njia ile mtu alitokea moja kwa moja upande wa ukuta wenye kisanduku cha swichi. Chini ya pikapu ardhi ilikuwa kavu kama mfupa.

Mlio wa kwanza ulimkuta amechutama pale. Aliinuka kwa shida, akarudi.

Balqis alikuwa amefunga kitambaa mkononi. Alipiga, akasoma, akapakia tena. Jasho lilimtiririka kidevuni likadondokea mezani na kukauka palepale. Alipomaliza risasi kumi alivua vizuizi vya masikio akakaa.

"Wastani mia nane na tisa," alisema. "Ya chini kabisa hapa ni mia nane na tatu. Ya juu kabisa aliyowatumia wenzake ni mia saba tisini na sita. Hazikukutana hata moja, ami."

"Kwa hiyo alitunga."

"Hakutunga. Nilikwambia ni za kweli, na bado nnasema. Alizipima, lakini Januari, wakati wa mashindano, baridi kama ya handakini kwetu. Akaziweka. Ijumaa ile akazituma." Alichukua ganda moja tupu, akalitupa mkono kwa mkono kwa moto. "Mimi ndiye ninayeona haya. Nilikaa kwenye baridi, nikaithibitisha baridi. Nilikaribia kumnyonga yule msichana kwa kiyoyozi."

"Sote tuliokaa ofisini tulikaribia," alisema Marhoon.

Alimpa chupa ya maji. Yalikuwa moto kama chai, kama alivyosema Aziz, na wakayanywa hivyohivyo.

*

Aziz alikuja kituoni Jumamosi kwa gari yake mwenyewe. Alipoulizwa kama anataka wakili alisema mambo ya hesabu hayahitaji wakili. Marhoon aliweka mbele yake karatasi mbili tu, maelezo yake ya Alkhamisi na matokeo ya Balqis.

"Hapa unasema risasi zilikuwa mezani, zinaunguza vidole."

"Ndiyo."

"Huna barafu, huna kisanduku."

"Nilikwambia."

"Saini ni yako?"

"Yangu. Ami, kuna nini?"

"Jana tumepiga risasi zako palepale, kwa bunduki yako na mashine yako, jua lilelile. Zote zimekwenda kwa kasi kuliko ile ya juu kabisa uliyowatumia wenzako. Tukizipiga kwenye baridi, zinarudi kwenye namba zako. Wewe ni mhandisi, nieleze mimi."

Aziz alizitazama namba. Alikuwa mwepesi wa akili, na Marhoon alimwona akifika mwisho wa njia kabla hajaulizwa swali jingine.

"Mashine hizi zina makosa yake," alisema.

"Ni mashine yako."

"Labda zilikuwa zimepoa. Labda nilizitoa garini moja moja, garini mulikuwa na AC."

"Gari yako ilikuwa imezimwa mchana kutwa, Pius anaiona kutoka dirishani. Iliyokuwa na AC ni pikapu ya klabu."

Aziz aliisukuma karatasi kando.

"Ulipoirudisha nyuma ya tuta ilikuwa inadondosha maji," alisema Marhoon. "Paka wa Pius waliyanywa. Tumeichukua tangu jana. Wenzangu wameshapata alama za vidole kwenye usukani, na kwenye kifuniko cha kisanduku cha swichi pia. Watanambia za nani kabla ya magharibi, na mimi nnapenda nisikie kwako kwanza, kwa sababu nimechoka."

Aziz alikunja mikono ndani ya kanzu.

"Nnaomba mupunguze hii baridi," alisema.

Marhoon aliinuka akakizima.

"Alitaka kuwapa shamba watu wasiowahi kuumwagia mtende hata kata ya maji," alisema Aziz, kwa sauti ndogo, kama anayejadiliana na mtu mwingine. "Nilimwomba mwaka mzima. Nilimbusu mikono." Kisha akatikisa kichwa, na kitu kama hasira kikampita usoni. "Nilifikiria kila kitu. Nani atakwenda kuzijaribu namba zile? Juni hakuna mtu anayekwenda kupima risasi, ami."

"Najua," alisema Marhoon. "Wala wewe hukwenda."

*

Mwendesha mashitaka alisoma faili Jumapili asubuhi, akalisoma tena, akatia saini bila kumtazama Marhoon. Mchana Anjelina alitolewa mlango wa nyuma akiwa na mfuko wa plastiki na simu iliyokwisha chaji. Marhoon alimngoja garini, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumngoja. Mwanamke mmoja wa kanisa la Ruwi alikubali kumpa chumba mpaka mambo ya safari yake yatakapokamilika.

Alimweleza njiani: nani, na kwa nini, na nani aliyeshusha ile swichi. Alimweleza kwa maneno mepesi, na polepole. Anjelina alisikiliza, mikono juu ya mfuko.

"Kwa hiyo ile pampu ilizimwa makusudi," alisema mwishoni. "Ili mimi nikamwamshe."

Katika kazi yake yote Marhoon alijifunza kuwatoa watu mahabusu, na hakujifunza linalofuata.

"Yeye alijua utamwamsha kwa sababu ulikuwa mtu mwaminifu wa kazi yako," alisema. "Kosa ni lake. Si lako hata kidogo."

Anjelina aliitikia kwa kichwa. Hakuonekana kama aliyesadiki, na Marhoon alihuzunika, akajua huzuni ile hana pa kuipeleka.

"Nisamehe joto," alisema. "AC ya gari hii ni mbovu."

"Haina neno, baba."

Ilikuwa mara ya kwanza kutomwita afande. Anjelina aliteremsha kioo chote. Upepo wa barabara kuu ukaingia, ule wa moto unaowafanya watu wa Muscat wafunge madirisha miezi mitano, na yeye akatoa mikono yote miwili nje juani, mpaka kwenye viwiko, akaiacha huko. Ilikuwa bado na baridi ya kule ndani. Marhoon alipunguza mwendo, magari yakampigia honi, na hakuongeza.